Basi au gari dogo kwenda Moshi: takwimu ipi ya ajali ikuamulie?

Kila mwezi wa kumi na mbili nyumbani kwangu Kimara kunakuwa na kesi ileile: tunaenda Moshi kwa basi au kwa IST yetu? Mama watoto yuko upande wa gari. Mtoto akibanwa haja unasimama, mzigo hauulizwi kilo, na zaidi ya yote, anasema, "usukani uko mkononi mwako, hujamkabidhi roho yako mtu usiyemjua hata jina." Mdogo wake, yaani shemeji yangu, yuko upande huohuo, ila yeye huja na takwimu. Mwaka jana alikaa kwenye kochi akatusomea kutoka kwenye simu: ajali za mabasi tangu Januari, waliokufa kadhaa, waliojeruhiwa kadhaa. Alipomaliza akaiweka simu kifudifudi mezani, kama wakili aliyefunga ushahidi.

"Na magari madogo je?" nikamuuliza.

"Hayo hayakuandikwa hapa, shemeji."

Mimi ni mhasibu. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini, na ukiifuta asili hujui tena unazungumzia nusu ya chungwa au nusu ya gunia. Takwimu nyingi za ajali zinazotufikia zimefutwa asili. Tunaambiwa wamekufa wangapi, hatuambiwi kati ya wangapi, kwa safari ngapi, kilomita ngapi. Kwa hiyo nilikaa nikaziweka tarakimu ubavu kwa ubavu, nione ipi inamfaa mtu mwenye tiketi ya kununua au tangi la kujaza.

Daftari la polisi na hesabu ya WHO

Mwaka 2023 Tanzania iliandika vifo 1,647 vya ajali za barabarani. Mwaka huohuo Uingereza, ukiiondoa Ireland ya Kaskazini, iliandika 1,624. Wao ni kama milioni 66. Sisi sensa ya 2022 ilitukuta 61,741,120 na tunaongezeka. Ukigawanya, kwao na kwetu inatoka karibu watu wawili na nusu kwa kila 100,000. Yaani kwa mujibu wa madaftari haya, barabara za Tanzania na za Uingereza ni sawa kwa usalama, na sote tuko miongoni mwa wanafunzi bora wa dunia.

Aliyewahi kupita Chalinze Ijumaa jioni, malori yakifuatana kama siafu na Noah inachomoza upande usio wake ikiwa imewasha taa zote, atajua kuna kitu hapa hakijakaa sawa.

Sasa chukua daftari la pili. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya 2018 iliyohusu mwaka 2016, iliweka namba mbili kwa kila nchi. Kwa Tanzania: zilizotolewa na serikali 3,256, makadirio ya WHO 16,252. Kwa Kenya: 2,965 dhidi ya 13,463. Kwetu tofauti ni mara tano, kwa jirani mara nne na nusu. Ukitumia ya polisi, mwaka ule tulipoteza watu sita kwa kila 100,000; ukitumia ya WHO, 29.

Mtu wa kawaida akiona hivyo hufanya moja kati ya mawili. Ama anasema serikali inaficha, ama anasema wazungu wanatuchafua. Mimi naona yote mawili ni njia ya mkato. Afadhali kuangalia kila namba inazaliwaje.

Ya polisi inazaliwa barabarani. Trafiki akifika, akapima, akachora, akaandika, kifo kinaingia. Asipofika, hakiingii. Kijiweni kwetu alikuwapo kijana wa bodaboda aliyegongwa na Noah usiku, karibu na Stop Over. Paja likavunjika na mbavu. Mwenye Noah alikuwa muungwana: alimpakia mwenyewe mpaka hospitali, akalipia eksirei, akaandikishana na kaka wa kijana kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule kwamba atahudumia mpaka apone. Trafiki hakuitwa na PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, haikuchukuliwa. Siku ya kumi na moja kijana akafariki. Kwenye kibali cha mazishi chanzo cha kifo kiliandikwa homa ya mapafu, na kwa daktari hilo halikuwa uongo, maana mbavu zilizovunjika na kulala chali siku kumi na moja huishia huko. Tulichanga, tukakodi Coaster, tukamzika Kilosa. Kwenye hesabu ya ajali za mwaka ule hayumo. Homa ya mapafu ndiyo iliyoongezewa mtu.

Kwamba daftari hili linashika ajali kubwa na kuacha nyingine, lenyewe linasema. Katika salamu zake za kufunga mwaka 2024, Rais Samia alitaja ajali 1,735 na vifo 1,715. Zitazame tena namba hizo. Karibu kila ajali, kifo. Uingereza kwenye vile vifo 1,624 vya 2023 kulikuwa na majeruhi na waliokufa zaidi ya 130,000 kwa ujumla, maana yake kwa kila aliyekufa waliandikwa kama themanini walioumia au kukwaruzwa. Hatuwezi kuwa nchi ambayo watu wakigongana lazima mmoja afe. Kinachoonekana ni kwamba ajali isiyo na maiti, na nyingine zenye maiti ya baadaye, humalizwa palepale kwa kushikana mikono na kulipana bampa.

Namba ya WHO nayo usidhani kuna watu wametoka Geneva kuja kuhesabu makaburi. Nchi zenye usajili kamili wa vifo wanazichukulia kutoka kwenye usajili huo. Kwa nchi kama yetu, ambako vifo vingi havifiki kwa msajili, wanatumia kanuni ya kihesabu: unaingiza pato la nchi, wingi wa magari, barabara, pombe, huduma za afya na mengine, kinatoka kile ambacho nchi ya namna hiyo ingetarajiwa kuwa nacho. Wenyewe hawakuficha, waliweka kwamba namba ya kweli huenda iko popote kati ya 13,130 na 19,374. Pengo hilo ni la watu elfu sita, zaidi ya mara tatu ya vifo vyote tunavyotangaziwa kwa mwaka. Kwa hiyo 16,252 ni picha ya nchi inayofanana na Tanzania. Kijana wetu wa Kilosa kwenye namba hiyo yumo, ila hakuna anayeweza kumwonyesha kidole.

Uchague ipi? Inategemea swali. Ukitaka kujua tatizo ni kubwa kiasi gani, tujenge wodi ngapi, tumia ya WHO pamoja na upana wake wote, na umkatalie anayekutajia 16,252 kana kwamba alihesabu kwa vidole. Ukitaka kujua wapi na saa ngapi, kona ipi, mteremko upi, WHO hawajui lolote kuhusu Mombo au Kitonga. Hapo daftari la polisi, pamoja na matundu yake, ndilo lenye kitu. Na ukitaka kujua uende Moshi kwa basi au kwa IST, yote mawili hayakujibu.

Jambo moja kuhusu mwelekeo wa miaka. Kutoka 3,256 za 2016 hadi 1,647 za 2023 ni nusu. Katika miaka hiyohiyo bodaboda zimejaa mpaka vijijini. Naamini sehemu ya kushuka huko ni ya kweli: aliyeendesha barabara kuu kabla ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, na baada ya tochi anajua mguu wake wa kulia umebadilika tabia. Ila nusu nzima? Tochi iko kwenye lami ya mkoa kwa mkoa. Bodaboda anafia kwenye njia ya vumbi inayotoka gulioni, na huko hakuna tochi wala daftari.

Amekufa lini?

Hapa sitakaa sana. Kiwango cha kimataifa ni siku 30: akifa ndani ya siku hizo kwa majeraha ya ajali, ni kifo cha ajali. Lakini nchi zimekuwa na vipimo vyake. Ufaransa mpaka mwisho wa 2004 ilikuwa ikihesabu siku sita tu. Ilipohamia 30 mwaka 2005 vifo vingine viliingia kwenye hesabu bila barabara kuwa mbaya zaidi. Japani hadi leo namba ya polisi inayotangazwa zaidi ni ya waliokufa ndani ya saa 24. Ukilinganisha nchi mbili bila kuuliza hili, unalinganisha kalenda.

Kwetu mfano unaouma ni Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, likalipuka. Vifo vilivyotangazwa siku ile na vilivyofikiwa wiki zilizofuata ni tofauti kabisa, kwa sababu majeruhi waliendelea kufariki Muhimbili siku baada ya siku mpaka jumla ikavuka 100. Na swali la pili: hao ni wa ajali ya barabarani au ya moto? Lori ndilo lililopinduka, petroli ndiyo iliyoua. Unaweza kubadilisha takwimu za mkoa mzima kwa mwaka kwa kuamua tu waandikwe kwenye safu ipi.

Gawa kwa nini: watu, magari au kilomita

Hapa ndipo palipo na ulaghai mwingi, na mwingine si wa makusudi.

Vifo kwa kila watu 100,000 ni kipimo cha waziri wa afya. Kinasema barabara inachukua watu kiasi gani ukilinganisha na malaria au uzazi. Nchi ambayo watu hawasafiri itaonekana salama.

Vifo kwa kila magari 10,000 ni kipimo anachokipenda anayetaka kuonekana anafanya vizuri. Mwaka 1949 Mwingereza R. J. Smeed alionyesha kwamba kadiri nchi inavyopata magari mengi kwa kila mtu, ndivyo vifo kwa kila gari vinavyopungua, karibu vyenyewe. Ingiza nchini pikipiki laki kadhaa, kipimo hiki kitashuka hata kama wanaokufa wameongezeka, kwa sababu kila pikipiki inayosajiliwa inaongeza asili, iwe inatembea au imeegeshwa uani imekufa injini.

Vifo kwa kila kilomita iliyosafiriwa ndicho kipimo cha msafiri. Mimi nina kilomita 550 hivi za kwenda, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Nataka kujua kila moja inanigharimu hatari kiasi gani kwa chombo hiki au kile. Ubaya ni kwamba ndicho kipimo ambacho kwetu ni kigumu kupata, maana lazima mtu ahesabu watu wamesafiri kilomita ngapi kwa chombo gani.

Na hata kilomita zikiwepo, uliza ni kilomita zipi. Mwaka 2016, baada ya mtu wa kwanza kufa Marekani akiwa kwenye gari la Tesla lililokuwa kwenye Autopilot, mfumo wa kumsaidia dereva kuendesha, kampuni ilisema hicho ni kifo cha kwanza katika maili milioni 130 za mfumo huo, wakati Marekani kwa jumla hupata kifo kimoja kwa kila maili milioni 94. Asili ipo, na inavutia. Ila maili za Autopilot nyingi zilikuwa za barabara kuu zilizonyooka, kwenye magari mapya ya watu wenye uwezo. Zile milioni 94 zilichanganya pikipiki, magari makuukuu, walevi wa usiku wa manane na watembea kwa miguu waliogongwa mitaani. Ni sawa na mimi kujisifu nimekimbia haraka kuliko mzee wangu, mimi nimekimbia uwanjani, yeye kwenye matuta ya viazi. Tena ni kifo kimoja. Kingetokea cha pili wiki inayofuata, hesabu yote ingekatika nusu.

Basi na IST, ubavu kwa ubavu

Sasa turudi kwenye kochi la Kimara.

Ushahidi wa shemeji una nguvu ya picha. Juni 2025, pale Same, njia yetu hiihii, basi na basi dogo viligongana na kuwaka moto. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 38. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika. Kila mtu wa Kilimanjaro ninayemfahamu alipiga simu nyumbani siku ile. Ukishaona picha ya aina hiyo, tiketi ya basi inakuwa nzito mkononi, na simlaumu mtu.

Ila fikiria mfano huu, ni wa kubuni lakini hesabu yake ni ya kweli. Watu hamsini wanaenda Moshi. Wakipanda basi moja, kuna dereva mmoja, chombo kimoja, usukani mmoja unaoweza kusinzia, maamuzi ya kuovateki ya mtu mmoja. Wakienda watano watano, ni magari kumi. Madereva kumi, tairi arobaini, watu kumi wanaoamua kama lile lori la saruji linaovatekika kabla ya kona. Kila gari liwe salama kama basi lile, bado nafasi za kupata ajali ni mara kumi, na kila ajali ni ya watu watano. Ukizidisha, wanaotarajiwa kuumia kwa jumla wanalingana. Tofauti ni jinsi zinavyosikika: ya basi ni taarifa ya habari na rambirambi za taifa. Ya IST ni mistari miwili, na nyingine haipati hata mstari. Shemeji hakusoma ajali za magari madogo kwa sababu hazikuandikwa. Ukimya huo aliuhesabu kama usalama.

Hapo nilijalia basi na IST ni salama sawasawa. Si sawasawa. IST ina uzito wa kama tani moja. Basi lililojaa ni tani kumi na kitu. Vikikutana uso kwa uso, mahesabu yanafanyika upande mmoja tu. Nchi zinazohesabu kilomita, Uingereza na Marekani, abiria wa basi kwa kila kilomita anakufa mara chache sana kuliko aliye kwenye gari dogo. Nakiri mabasi yao si yetu na barabara zao si zetu, ila fizikia ya tani moja na tani kumi haina uraia.

Basi la Tanzania lina jingine ambalo IST haina: linaangaliwa. Limefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanaweza kuliona likizidisha. Najua hila zote zinazosemwa kuhusu vifaa hivyo. Hata hivyo mimi kwenye IST yangu hakuna anayenifuatilia zaidi ya tochi, na tochi naijua inapokaa.

Hoja ya mama watoto ya usukani mkononi mwangu, kwanza niliiona dhaifu. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza madereva wa Marekani na Uswidi wajipime ustadi. Kati ya Wamarekani asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu, Waswidi asilimia 69. Haiwezekani. Nusu ya juu ni nusu. Na mimi nikijiuliza moyoni najiweka hukohuko juu, pamoja na wote wanaochomoza na taa Ijumaa jioni.

Ila nilipolala nayo hoja hiyo niliona ina kiini. Wastani wa magari madogo umebeba na yule aliyelewa, anayeondoka saa nane usiku baada ya sherehe, aliyepakia tisa kwenye gari la watano, mwenye tairi za mtumba zenye umri mkubwa kuliko mwanawe. Ukiondoa hayo yote kwa makusudi, ukasafiri mchana, mikanda yote imefungwa, tairi umezikagua, umelala usiku uliotangulia, hatari yako inashuka chini ya wastani wa kundi lako, pengine mbali sana. Kwenye basi huna uwezo huo. Abiria mwangalifu na abiria mzembe hufa sawa. Kwa hiyo gari dogo linaweza kushindana, kwa mtu anayetimiza masharti. Nikamuuliza mama watoto watoto wetu wawili wanafungaje mkanda kule nyuma wakati katikati yao kuna ndoo ya samli na mdogo amepakatwa na dada. Hakunijibu, lakini alicheka.

Mchana au usiku

Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 90, mabasi yetu yalizuiwa kutembea usiku wa manane. Mwaka 2023 zuio likaondolewa. Vifo vilivyoandikwa vikatoka 1,647 mwaka huo hadi 1,715 mwaka 2024, na wapo waliosema basi, usiku umeanza kutuua. Ongezeko ni 68, asilimia nne na kidogo. Idadi ya watu nchini, kwa kasi ya sensa ya 2012 hadi 2022, inaongezeka asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukiiondoa hiyo, kinachobaki ni chini ya asilimia moja, na kwa daftari lenye matundu kama tulivyoliona, hicho hakisemi chochote kuhusu usiku, kizuri wala kibaya.

Usiku wenyewe lakini naogopa, kwa sababu nyingine. Marekani takriban robo ya uendeshaji hufanyika gizani, na karibu nusu ya vifo hutokea gizani. Hiyo ni takwimu yenye asili yake. Na kwao hakuna lori lililoharibika limeegeshwa barabarani na matawi ya mti kama alama.

Desemba yenyewe inasingiziwa kidogo. Watu husema ni mwezi wa damu. Abiria wa Desemba wa njia ya Kaskazini ni wengi kuliko wa Februari kwa mbali, kwa hiyo vifo vingi zaidi havimaanishi kila msafiri ana hatari zaidi. Kinachoweza kuipandisha kweli ni dereva anayegeuza bila kupumzika kwa kuwa abiria wamejaa stendi. Hilo unaweza kumuuliza kondakta kabla hujapanda: dereva amefika saa ngapi? Wengine hujibu vizuri tu.

Mtu atauliza treni. Kwa kila abiria na kila kilomita, treni kwa kawaida ni salama kuliko barabara. Ila hata hapo angalia miaka mingapi imehesabiwa. Ungepima reli yetu mwaka 2001 ungepata namba fulani. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni Igandu, Dodoma, watu 281 wakafa, na wastani wa miaka mingi ukageuka kwa asubuhi moja. Chombo kinachopata ajali kwa nadra na kuua wengi kwa mpigo kinahitaji miongo kupimwa.

Tulivyoamua

Tulipanda basi, la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbezi. Ningekuwa na mtu wa pili wa kushika usukani, gari lenye mikanda mitano inayofanya kazi na kiti cha mtoto, ningeweza kushawishika. Sikuwa navyo. Shemeji alienda na Noah ya rafiki yake na akafika salama, na amekwisha kunikumbusha mara tatu. Basi letu pia lilifika salama. Safari mbili zilizofika si ushahidi wa upande wowote, lakini kwenye familia zinahesabika.

Kosa langu lilikuwa mwisho wa njia. Uingereza, wanaohesabu kilomita, mwendesha pikipiki anakufa makumi ya mara zaidi ya aliye kwenye gari kwa umbali uleule. Chukua hata kadirio la chini kabisa la hilo, ulete kwetu bila kofia: kilomita kumi na kitu za bodaboda kutoka stendi ya Moshi kupanda Kibosho zinaweza kubeba hatari inayokaribia ya safari yote tuliyoibishania wiki mbili. Tulikuwa tumelinganisha kilomita 550 na hizi hatukuziweka kwenye karatasi kabisa.

Tulishuka stendi saa kumi jioni, mvua inanyunya. Vijana watatu wa boda walikwisha shika mabegi. Mama watoto akanitazama, akauliza kwa sauti ya shemeji yangu kabisa: "Haya mhasibu, hizi je?"

Tukasubiri Hiace dakika hamsini.